Daktari wa Upande Mmoja

Nilipaswa kukataa. Kaka yangu aliketi kwenye kiti changu cha meno asubuhi ya Jumamosi, akafungua mdomo, akaniambia nimng'oe jino la juu upande wa kushoto ili awahi lori la saa sita. Jino lilikuwa zima, jeupe, halina tundu hata moja. Nililigusa kwa kidole likacheza. Nilijua maana yake, kwa sababu chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, alifanya kazi mtu aliyenifundisha maana yake. Nilimsikia akikohoa mle ndani. Ningeweza kwenda kugonga mlango. Badala yake nilivuta dawa ya ganzi kwenye bomba la sindano.

Mtu wa chumba cha pili ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Watu wa Shinyanga walimwita Daktari wa Upande Mmoja. Hakuwa daktari kwa vyeti. Alikuwa daktari msaidizi, aliyepanda ngazi kutoka uuguzi, na cheo chake rasmi kilikuwa kirefu kuliko mshahara wake. Lakini katika miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, mtu akiota uvimbe ndani ya mifupa ya uso, kuanzia Maswa hadi Geita, aliletwa kwake.

Jina lile lilitokana na swali lake la kwanza. Mgonjwa akisema pua imeziba, yeye aliuliza: "Upande mmoja au zote?" Akijibiwa zote, alimwandikia matone na kumruhusu aende. Akijibiwa upande mmoja, aliweka kalamu chini. Alituambia wafanyakazi wapya maneno yaleyale kila mwaka, kwamba matundu yote mawili yakiziba ni mafua, lakini moja likiziba peke yake miezi mitatu, na likatoa damu, huyo mtu asiondoke hospitalini mpaka ajulikane ana nini.

Vifaa vyake vilikuwa vya kuchekesha. Alikuwa na kibao cha chuma cha kukandamizia ulimi, ambacho alikiloweka katika maji ya mtungi kipate baridi, akakifuta, akakiweka chini ya pua ya mgonjwa. Pumzi ya mtu mzima huacha mawingu mawili juu ya chuma. Wingu moja likikosekana, alikigeuza kibao na kumwonyesha mgonjwa mwenyewe. Kisha alichomoa uzi wa pamba, pamba ya hapa hapa, akamwambia mgonjwa afumbe macho na aseme anaguswa wapi. Kama chini ya jicho moja mtu hahisi kitu, aliandika. Mwisho aliingiza kidole gumba mdomoni na kusukuma meno ya juu, moja moja. Alinieleza kwamba ndani ya mfupa wa shavu, kila upande wa pua, kuna chumba kitupu chenye hewa, na mizizi ya meno ya juu ni kama misumari iliyopigwa kwenye sakafu ya chumba hicho. Kitu kikiota mle ndani, kinakula sakafu, na misumari inalegea.

Hapo ndipo kazi yangu na yake zilipokutana. Mimi nilikuwa msaidizi wa meno, niliyemaliza kidato cha nne na kupewa mafunzo mafupi. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mlinzi wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, mwenye meno matatu yaliyolegea upande mmoja. Nikayang'oa yote, nikamsifu kwa uvumilivu. Baada ya wiki sita alirudi na nyama nyekundu imechomoza kwenye mashimo yale kama uyoga. Nilimpeleka chumba cha pili. Daktari alimchunguza, akamlaza wodini, kisha akaniita. Sikukaripiwa. Alisema jino bovu hulegea kwa sababu ya ubovu wake, lakini jino zima likilegea, kosa si la jino, na mtu akiling'oa anaufungulia uvimbe mlango.

"Leo umejua," aliniambia. "Kuanzia kesho huwezi kusema hukujua."

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na hasira mbaya, hasa kwa jamaa walioleta mgonjwa jicho limekwisha kusukumwa juu. Niliwahi kumsikia akimwambia baba mmoja kutoka Tinde kwamba amemleta mwanawe baada ya kumla. Yule baba alilia. Jumapili iliyofuata Daktari alipanda baiskeli mpaka Tinde, mwendo wa saa nyingi kwenye vumbi, kwenda kumwomba radhi, akarudi amepewa kuku na hakuweza kueleza alivyopokelewa, maana Kisukuma chake kilikuwa cha wodini. Alijua kuuliza "inauma?" na "tangu lini?" na "lala chali." Sokoni hakuweza kununua hata viazi kwa lugha hiyo.

Tena yeye, mganga wa pua, alinusa ugoro. Alikuwa na kikopo kidogo mfukoni mwa koti jeupe, na baada ya kila upasuaji alikwenda nyuma ya jengo kunusa na kupiga chafya. Muuguzi mkuu alimwambia ni aibu. Alijibu kwamba anajaribu kama matundu yote mawili bado yanafanya kazi. Na kiti changu cha meno alikiogopa kama mtoto. Alikuwa na gego bovu lililomnyima usingizi, lakini kila nilipomkaribisha alisema ana mgonjwa. Mtu aliyeweza kuondoa nusu ya taya la juu bila mkono kutikisika alikimbia koleo langu kwa miaka kumi na mmoja.

Macho yake hayakupumzika. Alitembea sokoni akitazama nyuso za watu, na wengi walimwogopa kwa hilo. Siku moja nilikuwa naye aliposimama mbele ya Mama Kulwa, muuza vitunguu, mwanamke mnene, mwenye maneno. Alimkodolea macho mpaka wenzake wakaanza kuguna.

"Daktari," alisema Mama Kulwa, "unataka vitunguu au unanitaka mimi?"

"Nataka shavu lako la kulia."

Soko zima la vitunguu lilicheka. Mama Kulwa alicheka kuliko wote, akamwambia ashike tu, la bure hilo. Daktari alilishika kweli, mbele ya watu, akabonyeza chini ya jicho, akamuuliza juu ya pua na meno. Kicheko kikaisha chenyewe. Keshoye mama yule alikuwa kwenye benchi letu.

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Filamu za eksirei zilifika kwa msimu kama mvua. Kwa Mama Kulwa tulipata mbili, na Daktari alizibandika dirishani akatuonyesha: chumba cha hewa cha kushoto cheusi, cha kulia kijivu kama kimejazwa unga. Alikata kinyama kidogo kutoka ndani, tukakitia kwenye chupa ya fomalini kisioze, nikaandika jina mara mbili, kwenye chupa na kwenye karatasi iliyofungwa shingoni mwa chupa, kwa sababu yeye hakuamini gundi. Chupa ilikwenda kwenye hadubini za Mwanza mikononi mwa mtu anayejulikana. Majibu yalichukua wiki tano. Yalisema ni uvimbe wa nadra uliotokana na chembe zinazotengeneza meno, ambao haurukii mapafu wala ini. Unakaa palepale na kula mfupa, polepole, kuelekea jicho na kuelekea chini ya ubongo.

"Huu ni uvimbe wa uvivu," Daktari alituambia. "Ukiuwahi ukiwa bado chini, unautoa na nyumba yake, mtu anazeeka. Ukiuacha upande juu, hata mimi nitaweka kisu chini nikatafute mahali pa kukaa."

Alimweleza Mama Kulwa kila kitu kabla ya kisu. Alichukua kiazi akakikata kumwonyesha kipande kitakachotoka. Alimwambia atabaki na shimo kati ya mdomo na pua, na kwamba Bwana Meno, ndivyo alivyoniita mimi, atamtengenezea kaakaa la kuziba shimo hilo. Mama Kulwa alitazama kiazi akauliza kama ataweza bado kutukana wateja. Daktari alimwambia mwezi wa kwanza watakuwa hawamwelewi.

Upasuaji ulichukua saa nne, kwa usingizi wa etha, na damu ya wana wake wawili. Mimi nilipewa kazi ya kuchukua umbo la shimo kwa nta, nikatengeneza kaakaa kwa plastiki ya pinki ya meno bandia. Kazi ile niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu, na Daktari aliiona furaha yangu. Alianza kuniita ndani ya chumba cha upasuaji hata kama hapakuwa na meno. Alinipa kushika taa, kisha kushika ndoano ya kuvutia shavu, kisha kushona ufizi. Nilishona kwa fundo dogo lililolala upande wa ndani, ili mgonjwa asilichezee kwa ulimi. Alilipenda fundo lile. Alianza kusema kwamba akiondoka kazini lazima abaki mtu, na kwamba kuna chuo kinachopokea wasaidizi na kuwafanya wapasuaji.

Jambo moja zaidi juu yake. Mgonjwa wa namna hiyo alipoanza kula, Daktari alikuja wodini na sahani yake ya ugali, akaketi mbele yake kitandani, wakala pamoja. Chakula cha siku za kwanza kinatoka puani, na watu wengi huacha kula kwa aibu. Mama Kulwa uji ulimtoka puani mpaka kwenye mkono wa Daktari. Alijifuta, akaendelea na tonge lake, akimweleza bei ya viazi. Sijaona heshima kubwa kuliko ile.

Sasa nirudi kwa kaka yangu.

Kaka alinilea. Aliuza ng'ombe wawili wa urithi wake nikaenda sekondari, wakati yeye aliishia darasa la nne. Dhahabu ilipoanza kusemwa Bugarama, aliacha pamba akaenda kuchimba, na kufikia mwaka huo alikuwa mkuu wa duara, yaani shimo, lenye watu tisa. Asubuhi ile aliingia na vumbi jekundu kwenye nyusi, akawaamkia wauguzi wote kwa Kisukuma, "mwangaluka", akafunga mlango wangu mwenyewe.

Aliniambia wamefika kwenye mawe yenyewe, yenye dhahabu. Aliniambia pia kwamba tundu lake la kushoto limeziba tangu pamba ya mwaka jana, na linatoa damu. Wenzake walikuwa na miiko yao. Damu ya mtu ikidondoka chini kule mawe yakiwa yameonekana, mawe yatajificha. Mara ya kwanza walinyamaza. Mara ya pili walichinja mbuzi. Mara ya tatu mmoja alisema wazi kwamba mkuu apumzike juu, mwingine ashuke badala yake. Kaka aliamini damu inatoka kwenye jino lile linalocheza.

"Ling'oe," alisema. "Likitoka, damu itakauka, nami nashuka."

Nilimwambia tumwone kwanza mtu wa chumba cha pili. Akauliza atakaa siku ngapi. Nikasema picha, kinyama, majibu, labda miezi miwili.

"Miezi miwili nitakuta duara lina mkuu mwingine," alisema. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, bila ukali: "Mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Hakuwahi. Nami sikujua namna ya kumkatalia mtu yule. Jino lilitoka kama linatoka kwenye ugali. Kwenye mzizi wake ilining'inia nyama ya kijivu. Niliiona. Niliifunika kwa gozi la kufungia vidonda, nikashona ufizi kwa mishono miwili, nikamwambia asuuze kwa maji ya chumvi na arudi mwezi ujao bila kukosa. Alinishukuru, wabeja, akanishika bega, akawahi lori. Daktari alipita mlangoni dakika chache baadaye akauliza nina wagonjwa wangapi. Nikasema hakuna mtu.

Kaka hakurudi mwezi uliofuata. Alirudi baada ya miezi minane, jino la pili likicheza, nami nikaling'oa hilo pia, maana ukishaficha la kwanza, la pili linajificha lenyewe. Nilimsihi aonwe. Akasema baada ya mvua. Ningeweza kumshika mkono nikampeleka hatua sita. Lakini Daktari angeuliza la kwanza liling'olewa na nani, na barua yake ya kuniombea nafasi chuoni ilikuwa imekwisha kuanza kuandikwa.

Alipoletwa kwa machela, miaka miwili ilikuwa imepita tangu jino la kwanza. Shavu lilikuwa limejaa, jicho la kushoto limesukumwa juu na linatazama peke yake, naye aliona kila kitu viwili viwili. Daktari hakuhitaji kibao cha chuma. Alimfungua mdomo, akamulika, akakaa muda mrefu akitazama ufizi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Nani aliyekung'oa meno haya, Baba?"

Kaka alinitazama kwa jicho moja lililobaki na akili.

"Fundi wa kule machimboni," alisema. "Hana hata kiti."

Daktari alisema, "Haya," akaandika. Majibu ya Mwanza yalikuja na maneno yaleyale ya Mama Kulwa, neno kwa neno. Alimpasua kwa saa saba, akatoa taya la juu la kushoto na jicho pamoja, na nilishika taa mimi. Alipofika juu, chini ya ubongo, aliacha. Alituambia kilichobaki ni chembamba kama karatasi, lakini kipo. Alikula ugali na kaka pia. Nilimtengenezea kaka kaakaa, zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza.

Uvimbe ulirudi baada ya mwaka na nusu. Daktari alikataa kupasua tena, na kukataa kwake kulinifundisha kuwa mkono wa kuacha ni mgumu kuliko mkono wa kukata. Kaka alilala nyumbani kwangu miezi yake ya mwisho. Siku moja, kaakaa likiwa limetolewa na maneno yakimtokea puani, aliniuliza kama angebaki siku ile ya jino la kwanza ingekuwaje. Nilimwambia ingekuwa vilevile. Aliitikia kwa kichwa, akaonekana kupumzika. Alizikwa kwetu kabla ya mavuno ya pamba.

Barua yangu ya chuo haikutoka. Sikuuliza. Daktari aliendelea kunisalimu, kuniita Bwana Meno, na kuleta wagonjwa wa nta. Ila hakunipa tena sindano ya kushona. Alistaafu, chumba cha pili kikawa stoo ya vitanda, na wagonjwa wa upande mmoja wakaanza kuambiwa waende Mwanza. Wenye nauli walikwenda.

Nilimwona mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ya themanini, Kagongwa, alikokuwa analima mpunga. Nilishuka kwenye lori nikamkuta barazani anachambua mbegu. Nilisema shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama mashavu yote mawili kabla ya kunikaribisha. Alikuwa amepoteza lile gego. Liling'oka lenyewe, alisema, akalizika.

Tulizungumza juu ya mvua. Mama Kulwa alikuwa bado sokoni, nikamwambia, akitukana wateja vizuri kabisa. Alifurahi. Kisha akaacha kuchambua.

"Umekuja kuniambia," alisema.

Nikamwambia yote. Jino la kwanza, la pili, nyama ya kijivu, gozi. Alisikiliza kama alivyosikiliza wagonjwa, bila kunisaidia kumaliza sentensi.

"Nilijua siku ile ile alipoletwa kwa machela," alisema. "Machimboni wanavunja jino na kuacha mizizi. Pale palikuwa pasafi, na uzi mmoja ulikuwa bado umezama kwenye ufizi. Fundo lilikuwa upande wa ndani."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikungoja wewe. Barua yako ilikaa mezani mwaka mzima, imekwisha kupigwa taipu, inangoja sahihi. Kila asubuhi nilisema leo atakuja." Alipepeta ungo mara moja. "Kosa la jino nimelifanya mimi pia, kabla hujazaliwa kazini. Lakini mtu anayepasua uso wa mwenzake lazima aweze kuja kusema, hapa nimeharibu. Asipoweza, ataharibu tena, na hakuna atakayejua."

Nikauliza lile nililokuwa nimelibeba: kama ningegonga mlango siku ile ya kwanza. Hakunifichia kama mimi nilivyomfichia kaka. Alisema kwa jinsi nilivyomweleza, jicho bado mahali pake na shavu halijafa ganzi, lingekuwa jambo la saa nne, kama la Mama Kulwa. Kisha akanikaribisha chakula, nami nikala.

Sikumwona tena. Ninayo miaka zaidi ya sabini sasa na mikono bado haitetemeki, jambo lisilo na faida kwa mtu. Niling'oa meno mpaka nikastaafu, na sikuwahi kuwa kitu kingine. Kwa jino lile nilipoteza ufundi niliokuwa nauweza na imani ya mtu pekee aliyeuona. Nilimpoteza na kaka yangu, aliyekufa akiwa na miaka arobaini na minne kwa uvimbe wa kupona, akiamini sikuwa na la kufanya.